Raifo ya Ohio, kaunta ya Fort Worth: siku 27 za bunduki moja iliyonunuliwa mtandaoni

Mnunuzi wa kisa hiki ni wa kubuni, lakini kila kikwazo anachokutana nacho ni cha kweli na hujirudia kwenye kaunta za maduka ya silaha ya Marekani. Tumempa sura ambayo Waswahili wengi walioko huko wataitambua: mzaliwa wa Kivu Kusini, akakulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, akahamishiwa Texas kama mkimbizi, na sasa ana grini kadi na anaishi Fort Worth. Anataka raifo ya kuwindia kulungu msimu ukifunguliwa. Kwenye mnada wa mtandaoni ameona Remington 700 iliyotumika, ya risasi za .308 Winchester, yenye darubini juu. Muuzaji ni mtu binafsi wa Ohio. Jumapili usiku mnada unafungwa na yeye anashinda kwa dola 465.

Bunduki inaingia kwenye gari lake siku 27 baadaye. Ucheleweshaji wa namna hii watu huupachika FBI, shirika la taifa linalomkagua mnunuzi. Ukizihesabu siku zenyewe, FBI ilikula tano, tena zikiwa na Jumamosi na Jumapili ndani yake. Zilizobaki zililiwa na simu ambayo haikupigwa kabla ya mnada, hawala iliyosafiri kwa posta, na karatasi moja iliyosahaulika nje ya boksi.

Kwa nini duka liwe katikati

Aliyezoea utaratibu wa Tanzania au Kenya anajua kwamba mtu hutafuta kibali chake kwanza, ndipo aende kununua silaha. Sheria ya taifa ya Marekani haina leseni ya mmiliki kwa bunduki ya kawaida. Mtu huchunguzwa pale kaunta, kwa kila ununuzi wa dukani. Ndiyo maana tovuti ya mnada haiuzi bunduki kwa maana ya kisheria. Ni ubao wa matangazo na kipimo cha bei. Mauzo yanakamilika dukani.

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya 1968 inamkataza mtu asiye na leseni kumhamishia bunduki mtu asiye na leseni anayeishi jimbo jingine. Wa Ohio hawezi kumtumia wa Texas nyumbani kwake, hata wakiaminiana kama ndugu. Lazima silaha iende kwa mwenye leseni ya shirikisho, ile inayojulikana kwa herufi FFL, inayotolewa na ATF, idara ya taifa inayosimamia silaha, kwa miaka mitatu mitatu. Aina ya 01 ni ya duka la kawaida, ya 02 ni ya duka la rehani, ya 07 ni ya mtengenezaji. Wote hao wanaweza kupokea. Aina ya 03 haifai: ni ya mkusanyaji wa silaha za kale, na hana ruhusa ya kufanya biashara ya kukuhamishia raifo yako.

Bastola ina kamba fupi zaidi. Bastola uliyoinunua nje ya jimbo lako utaichukulia kwenye duka la jimbo unaloishi, basi. Raifo na shotigani waweza kuchukulia hata kwenye duka la jimbo jingine, mradi sheria za majimbo yote mawili ziruhusu. Kwa hiyo mnunuzi wetu angeweza kuendesha gari hadi Ohio, akakutana na muuzaji kwenye duka la huko, akajaza fomu na kurudi nayo. Ni mwendo mrefu kwa bunduki ya dola 465, lakini kwa silaha ya bei kubwa wapo wanaofanya hivyo ili waione kwa macho kabla ya kulipa.

Na jimbo lina neno lake. Texas haiongezi kibali cha kununua. Angekuwa Illinois angehitaji kwanza kadi ya FOID, kibali cha jimbo cha mwenye bunduki. California angengoja siku 10. Minnesota angehitaji kibali cha kununulia kama ingekuwa bastola. Muuzaji wa Ohio hawezi kuyajua yote haya, wala hana haja. Mwulize mwenye duka la kwenu.

Simu ambayo haikupigwa

Jumatatu asubuhi mnunuzi anapiga simu duka lililo dakika kumi kutoka kwake. Anaulizwa swali moja: anayetuma ana leseni au ni mtu binafsi? Ni mtu binafsi. Duka linakataa.

Hapa wengi hukasirika, kwa sababu sheria haimkatazi mtu binafsi kutuma raifo kwa mwenye leseni wa jimbo jingine. Ni kweli. Lakini sheria hailazimishi duka kuipokea, na duka lina sababu zake. Linapopokea kutoka kwa mwenye leseni mwenzake, linajua nani kaituma, leseni yake inathibitishika, na karatasi zimezoeleka. Likipokea kutoka kwa mtu binafsi, linaweza kufungua boksi likakuta silaha isiyo na jina la mtumaji, au yenye risasi ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, au iliyoibwa. Maduka mengi yameandika kabisa kwenye tovuti zao kwamba yanapokea kutoka kwa wenye leseni tu.

Dawa yake ni simu ya dakika tatu kabla ya kuweka dau. Uliza kama wanapokea kutoka kwa mtu binafsi, ada yao ya uhamisho ni kiasi gani (dola 25 hadi 50 ni ya kawaida, wapo wanaozidi, hasa wale wanaouza bunduki kama hiyohiyo unayoinunua kwingine), wanahifadhi silaha kwa siku ngapi kabla ya kuanza kutoza gharama ya stoo, na FBI ikichelewesha jibu wao hufanyaje. Swali la mwisho watu hawaliulizi. Tutaona bei yake.

Mnunuzi alipoteza siku nne akitafuta. Alhamisi akapata duka la rehani lenye leseni ya aina ya 02 lililokubali kwa dola 35, kwa sharti kwamba ndani ya boksi iwemo nakala ya leseni ya udereva ya muuzaji, pamoja na jina na simu ya mnunuzi. Kulikuwa na njia nyingine: muuzaji aende kwenye duka la mjini kwake Ohio, alilipe dola 30 au 40, duka hilo litume kwa duka. Gharama inaongezeka, lakini lile duka la kwanza la Fort Worth lingepokea siku ileile, na adha ya boksi tutakayoisimulia isingetokea. Kwa muuzaji ambaye hajawahi kutuma bunduki, sisi tungeichagua njia hii bila kusita.

Pesa

Muuzaji anataka hawala ya posta, na hilo si dalili mbaya. PayPal hairuhusu malipo ya silaha, na kadi ya benki mara nyingi huongezewa asilimia 3. Hawala ya posta ina faida moja kubwa: kutapeli kwa kutumia posta ni kosa la taifa, na stakabadhi inabaki nayo mnunuzi. Ubaya wake ni mwendo. Iliwekwa posta Ijumaa, ikafika Jumatano.

Mtu wa kuogopwa ni yule anayetaka pesa kwa programu za simu kama Zelle au Cash App na hataki njia nyingine. Pesa ikishatoka huko hairudi. Zaidi ya hapo, mtu anayekwambia “huna haja ya duka, nakuletea mpaka mlangoni” kutoka jimbo jingine, ama hana bunduki yoyote, ama anakualika kwenye jinai. Matapeli wengine huenda mbali zaidi na kukutumia nakala ya leseni ya duka halisi waliyoiokota mtandaoni. ATF ina ukurasa wa FFL eZ Check: unaingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba ya leseni, linatokea jina la mwenye leseni, anwani ya mahali pa biashara na tarehe ya mwisho. Hilo linakuambia leseni ipo. Halikuambii kwamba unayezungumza naye ndiye mwenyewe. Tafuta namba ya simu ya duka hilo kwa njia yako, usitumie ile aliyokupa, kisha piga.

Muuzaji naye aitumie eZ Check kwa duka la mnunuzi, na atume kwenye anwani ile inayoonekana hapo tu. Anwani ya nyumbani kwa mfanyakazi wa duka haihusiki.

Boksi

UPS na FedEx siku hizi hazipokei bunduki kutoka kwa mtu asiye na leseni. Anayetuma binafsi hubaki na posta ya taifa, ambayo inapokea raifo na shotigani zisizo na risasi zinazokwenda kwa mwenye leseni.

Katika mazungumzo yao muuzaji alikuwa amemwambia mnunuzi kwamba atamtilia pakiti mbili za risasi kama zawadi. Mnunuzi akashukuru. Kwa bahati alimtajia mwenye duka, naye akamwambia azikatae upesi: risasi haziruhusiwi kupita posta kabisa, ziwe mbili au mia. Ukarimu wa aina hii umewaingiza wauzaji wengi kwenye kosa bila kujua.

Ufungaji ulikuwa mzuri kwa kiasi. Bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ilitolewa, ikafungwa peke yake kwa sponji, ikawekwa kwenye boksi lilelile. Mdomo wa mtutu ulivikwa kipande cha mbao laini, kwa sababu raifo ikiteleza ndani ya katoni mtutu ndio unaotoboa upande mmoja, na kitako hupasuka pale penye shingo, nyuma ya kifyatulio. Nje hapakuandikwa neno lolote la silaha, ndivyo inavyotakiwa. Kulikuwa na bima ya thamani kamili na sharti la saini wakati wa kupokea.

Kilichosahaulika ni nakala ya leseni ya udereva.

Jumanne boksi lilipofika, duka lilikuta raifo, na jina na simu ya mnunuzi, basi. Hapa ndipo methali ya mali bila daftari huisha bila habari inapogeuka kuwa sheria. Kila mwenye leseni ana daftari la kuingia na kutoka. Silaha ikipokelewa, inatakiwa iandikwe kabla ya kufungwa kwa siku ya kazi inayofuata: mtengenezaji, modeli, namba ya silaha, aina, kipenyo, tarehe, na jina na anwani ya aliyeileta. Jina la kwenye lebo ya posta halitoshi kwa duka makini. Wakampigia mnunuzi, mnunuzi akamwandikia muuzaji, picha ya leseni ikaja Jumatano mchana. Lingekuwa duka kali zaidi, lingelirudisha boksi.

Katika kuandika, duka liligundua pia kwamba namba ya silaha kwenye tangazo ilikosewa: muuzaji alisoma herufi kama tarakimu. Duka linaandika kilichochongwa kwenye chuma, na hilo ndilo sahihi. Lakini mnunuzi ahifadhi tangazo na picha zake, maana namba isipofanana anahitaji kujua kama ni kosa la macho au ni bunduki nyingine.

Kaunta: kagua kwanza, saini baadaye

Mpaka hapo umiliki haujahama. Huu ndio wakati wa kukataa, na wanunuzi huupoteza kwa furaha ya kuiona bunduki. Ukikataa kabla ya fomu, duka linaweza kuirudisha Ohio, kwa duka la huko, kwa gharama mtakazokubaliana. Ukishaichukua ni yako, na kuirudisha kwa mtu binafsi wa jimbo jingine ni uhamisho mpya kabisa, na duka jipya, ada mpya na ukaguzi mpya kwa upande wa yule anayeipokea. Wauzaji wengi huandika siku 3 za kukagua tangu silaha ifike, na ukifyatua risasi moja tu haki hiyo imekwisha.

Kwa Remington 700 iliyotumika kuna jambo la pekee. Aprili 2014 kampuni iliziita zirudi Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia 1 Mei 2006 hadi 9 Aprili 2014, kwa kuwa zingeweza kufyatuka bila kuvutwa. Utambuzi wa haraka uliotolewa wakati ule: uso wa kifyatulio ukiwa laini ni X-Mark Pro, ukiwa na mistari ni cha zamani. Cha zamani nacho kililetewa mashtaka ya miaka mingi mahakamani, kwa hiyo mistari isikupe usingizi. Raifo ya kisa hiki ilikuwa na uso laini. Muuzaji hakuwa na karatasi ya kuonyesha kama iliwahi kupelekwa kurekebishwa, na kampuni ile ilifilisika na kugawanywa 2020. Mnunuzi alikuwa na mambo mawili ya kufanya: kukataa, au kuomba punguzo la bei ya kifyatulio kipya cha kampuni nyingine na kazi ya fundi. Alipata punguzo la dola 100. Angesubiri mpaka baada ya saini, asingepata hata kumi.

Majaribio ya kaunta hufanywa kwa ruhusa ya duka, chemba ikiwa tupu na imeonwa na watu wawili, mtutu ukielekezwa mahali salama. Funga bolti, weka kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu kisha uachie, halafu ondoa kizuizi. Pini ya kugonga risasi ikianguka wakati wa kuondoa, silaha ina hitilafu. Rudia, safari hii ukiondoa kizuizi na kupiga bolti mshindo wa kiganja. Bado isianguke. Baada ya hapo angalia kama bolti ni ya bunduki hii. Bolti iliyobadilishwa inaweza kuacha nafasi kubwa mno kati ya uso wake na risasi iliyo chembani, na ganda likapasuka wakati wa kufyatua. Fundi hupima kwa vipande viwili vya chuma vilivyoandikwa GO na NO-GO: bolti ifunge kwenye cha kwanza, igome kwenye cha pili. Ni kazi ya dakika chache. Darubini haikupi habari yoyote mezani, isipokuwa vioo vilivyopasuka na skrubu zilizolegea. Kulenga utaanza upya hata hivyo.

Fomu 4473

Hii ndiyo sehemu tunayotaka wasomaji wetu waisome mara mbili.

Fomu 4473 ndiyo karatasi ya ATF inayojazwa kabla bunduki haijatoka dukani. Duka linaanza kwa kujaza maelezo ya silaha. Kisha mnunuzi anajaza sehemu yake kwa mkono wake au kwenye skrini ya duka. Kujaza kwa uongo kwa kujua ni jinai ya taifa.

Jina liwe lile la kisheria, kamili. Kwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba, la babu, na hakuna lililozaliwa likiwa la ukoo. Maofisa wa kambi waliandika kwa mpangilio mmoja, ubalozi kwa mwingine, na ofisi ya leseni za udereva ikadondosha moja. Wengine wana FNU, yaani “jina la kwanza halijulikani”, mahali pa jina la kwanza, kwa sababu pasipoti yao ilikuwa na jina moja tu. Mnunuzi wetu ana majina mawili kwenye leseni ya Texas na matatu kwenye grini kadi. Aliandika mawili. Lakini asiye raia hutakiwa kuandika pia namba yake ya uhamiaji, na kwa namba hiyo rekodi za uhamiaji huulizwa. Rekodi hizo zina majina matatu. Jambo la busara lilikuwa kurekebisha leseni ya udereva wiki kadhaa kabla ya kununua. Asiye na jina la kati anaandika NMN, asiache pengo.

Tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari. Wakimbizi wasio na cheti waliandikishwa tarehe hiyo kwa maelfu, na majina ya Kikongo na ya Kiswahili hujirudia. Mashine inapotafuta mtu mwenye jina linalofanana na tarehe ileile, inampata, na si wewe. Namba ya hifadhi ya jamii ni ya hiari kwenye fomu hii. Mwenye jina la kawaida na 1 Januari asiiache wazi. Ndiyo inayomtofautisha na pacha wake wa kwenye kompyuta.

Anwani: mnunuzi alihama kutoka Dallas miezi miwili nyuma na leseni yake bado ina anwani ya Dallas. (Texas inataka ubadilishe ndani ya siku 30.) Kitambulisho lazima kionyeshe mahali unapoishi sasa. Kinaweza kusaidiwa na hati nyingine, lakini iwe imetolewa na serikali: usajili wa gari unakubalika, bili ya umeme ya kampuni binafsi haikubaliki. Alirudi nyumbani kuchukua karatasi ya gari. Sanduku la posta halikubaliki kamwe.

Uraia: kuna mahali pa kuandika ulikozaliwa na mahali pa uraia. Kuweka alama ya Marekani kwenye uraia huku una grini kadi, hata kwa haraka ya kutaka kumaliza, ni kujidai raia kwa uongo. Sheria ya uhamiaji inalichukulia hilo kuwa sababu ya kufukuzwa nchini na ya kufungiwa mlango wa uraia. Makosa ya silaha nayo yana kifungu chake humo. Kaunta ya duka la rehani haifanani na ofisi ya uhamiaji, na hapo ndipo watu wanaponaswa.

Nani anaruhusiwa? Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Aliyeingia kama mkimbizi hakuingia kwa viza ya muda, naye hazuiwi kwa sababu ya hadhi hiyo. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni wa matembezi, anazuiwa isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa za pekee zilizotajwa, maarufu zaidi ikiwa leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani.

Kutoka hapo tunafika swali la 21, kipengele chake cha kwanza: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Kuna binamu mwenye viza ya mwanafunzi anayetuma dola 500 na kusema, “Kaka, nichukulie wewe, jina lako ni safi.” Huyo kaka akijibu ndiyo amesema uongo. Wengi hudhani tatizo ni kwa vile binamu haruhusiwi. Mahakama Kuu ya Marekani ilifunga mlango huo Juni 2014 katika kesi ya Abramski, kwa kura 5 dhidi ya 4. Mtu wa Virginia alinunua bastola ya Glock 19 kwa hundi ya dola 400 ya mjomba wake, kisha akampelekea Pennsylvania na kuihamisha kupitia duka lenye leseni. Mjomba aliruhusiwa kumiliki silaha. Duka la pili lilitumika. Hata hivyo jibu lake kwenye fomu ya kwanza lilikuwa uongo, na hatia ikabaki. Tangu Juni 2022 kuna pia kosa mahususi la kumnunulia mtu unayejua kwamba haruhusiwi au anakusudia jinai, kifungo chake hadi miaka 15. Kumpa mtu zawadi halisi, kwa pesa yako, kwa anayeruhusiwa, ni jambo tofauti na fomu yenyewe inalitambua.

“Delayed”

Alhamisi saa nane mchana duka linaingiza taarifa kwenye NICS, mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi wa silaha, ulioanza kazi 30 Novemba 1998 na unaoendeshwa kutoka Clarksburg, West Virginia. Majibu ni matatu: endelea, subiri, kataa. Lililokuja ni subiri, yaani “delayed”.

Subiri haina maana kwamba umeshukiwa jambo. Maana yake ni kwamba kuna rekodi inayofanana na mtu wa kuitazama. Sheria inaipa FBI siku tatu za kazi, na siku ya kuuliza haihesabiwi. Alhamisi haimo; Ijumaa ni ya kwanza, Jumatatu ya pili, Jumanne ya tatu. Kama hakuna jibu, duka linaruhusiwa kuikabidhi silaha kuanzia Jumatano. Sikukuu ambayo ofisi za jimbo zimefungwa inasogeza hesabu. Kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21, muda unaweza kurefushwa hadi siku 10 za kazi.

Linaruhusiwa, halilazimiki. Hili ndilo lile swali la simu. Duka hili lilikuwa na desturi ya kungoja jibu la mwisho, hata likikawia mwezi, na haki hiyo linayo. Bahati jibu la “endelea” lilikuja Jumanne jioni. Mnunuzi alifika Jumamosi, siku ya 27, akathibitisha upya majibu yake na kusaini tena, kwa kuwa siku ya kuchukua si ile aliyojaza fomu. Ukaguzi hudumu siku 30 tangu ulipoombwa. Anayechelewa zaidi huanza upya, na mwenye 1 Januari hana sababu ya kuombea bahati mara ya pili.

Kwa ununuzi ujao, ajiandikishe kwenye jalada la hiari la FBI. Anatuma maombi na alama za vidole, akikubaliwa anapewa namba ya UPIN inayomtofautisha na wengine, nayo ina nafasi yake kwenye 4473. FBI inabaki na taarifa zake, jambo ambalo baadhi ya watu hawalipendi, lakini kwa jina la kawaida na tarehe ya kambi ni afadhali.

Hesabu yake: mnada 465, posta na bima 48, duka 35, jumla dola 548. Ukitoa punguzo la 100 na kuweka kifyatulio kipya na fundi, inarudi palepale au inazidi kidogo. Madukani Texas raifo mpya za bei ya chini za kampuni nyingine hupatikana kwa pesa hiyo, bila boksi wala hawala. Angeipenda tu Remington 700, sawa. Kama alikuwa akitafuta unafuu, hakuupata.

Baada ya kuichukua

Fomu haipelekwi kwenye orodha ya taifa ya wamiliki, inabaki dukani. Duka likifunga biashara, majalada yake huenda kituo cha ATF cha kufuatilia silaha huko Martinsburg, West Virginia. Raifo hii ikiokotwa mahali miaka mingi ijayo, ufuatiliaji utaanzia kwa mtengenezaji na unaweza kufika hadi kwenye saini ya Fort Worth. Kwa hiyo akiiuza kwa mtu binafsi wa Texas, jambo ambalo sheria inaruhusu, aandikishane naye hati yenye namba ya silaha na tarehe. Akimpata mnunuzi Kentucky, safari ni ileile ya Ohio, yeye sasa akiwa upande wa kutuma.

Na likizo ya Kigoma isiwe sababu ya kuitia kwenye sanduku. Tangu 9 Machi 2020 usafirishaji wa raifo za kawaida nje ya Marekani uko chini ya Wizara ya Biashara na una taratibu zake za kibali, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Risiti ya duka la rehani haitambuliki na yeyote kati ya hao wawili.